Taa ya Njano Inafukuza Bilulu

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, na sababu ilikuwa kitanda. Kilikuwa kitanda kizuri. Nalisema hili mapema, vijana wangu, ili mtu asipoteze muda wake kutafuta shujaa humu ndani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa sekondari waliota Ulaya. Mimi niliota kiti, kivuli cha bati, na redio iliyofunguliwa mgongo ili nione kinachoongea ndani yake.

Garaji kubwa ya Kampuni ya shaba hapa Kolwezi ilikuwa na mlango mrefu kuliko wa kanisa letu. Karani alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akatazama na diploma yangu ya umeme, akanielekeza kwa Shefu wa Umeme. Shefu alikuwa Tata Mukeba, Mkasai mfupi ambaye baba yake aliletwa toka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, kambini. Nilimkuta amelala chini ya motokari, miguu tu inaonekana. Nikaisalimia miguu na viatu vyake.

"Yambo, Shefu."

"Ni nani huyu anasalimia bilato byangu?" ikauliza miguu.

"Ni mi, Kapend. Mufundi mupya."

"Mufundi anakuyaka asubui. Weye uko mugeni. Keti, batakupa chai."

Toka siku ile jina langu garajini likawa Mugeni, na halikunitoka hata nilipoanza kuota mvi.

Kazi yetu ilikuwa macho ya motokari: taa za mbele, taa za nyuma, zile ndogo za pembeni, na zinazokonyeza mtu anapotaka kukata kona. Taa ndefu tuliita fari. Taa fupi, ile unayoiwasha ukikutana na mwenzako ili usimtie upofu, tuliita kodi, na haina ndugu na ile kodi ya serikali, ingawa zote mbili humfanya mtu akunje uso. Somo la kwanza la Shefu lilihusu masi. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, huwasha taa, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia bati la motokari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi ndiyo masi. Pakiwa na kutu au rangi mahali waya unapokutana na bati, taa hupepesa kama mlevi anayetafuta funguo.

"Taa ikikataa kuwaka, usiite mulozi," Shefu alisema. "Kwanguta masi. Umeme iko sawa na weye, Mugeni. Inakubali kutoka juu ya kurudia ku nyumba. Ukifunga njia ya kurudia, haitoke hata kidogo."

Wenzangu walicheka. Mimi nilifurahi: kwa mara ya kwanza nilijua kwamba nina tabia ya umeme.

Mkubwa wetu wa juu alikuwa Direkta wa Garaji, mtu wa mashati meupe. Siku moja alileta gari lake akitaka taa nne za ziada mbele.

"Nataka watu wajue kwamba mimi ndiye ninayekuja," alisema.

"Direkta, batu banajua," Shefu akamjibu bila kuinua kichwa. "Njo maana banakimbia."

Direkta alicheka kabla hajaelewa, na alipoelewa alikuwa amekwisha kucheka, basi akaacha. Taa tukamfungia. Hapo ndipo nilipopata ugonjwa wangu wa maisha: kuona uso wa gari unabadilika, taa mbili zinakuwa sita, na chuma kilichokuwa kimelala kinafumbua macho.

Baadaye nilipelekwa Mashamba, kwenye mashimo ya wazi ya shaba na kobalti nje ya mji. Huko bosi wangu alikuwa Shefu wa Posti, mtu asiyesema, aliyeonyesha kila kitu kwa kidevu. Malori ya mgodini yalikuwa makubwa kama nyumba, na taa zao zilikufa kwa vumbi kama watu wanavyokufa kwa huzuni: polepole, bila ugomvi. Jioni, kabla zamu haijaisha, nilikuwa nasimama ukingoni mwa shimo nikitazama chini. Malori yalipanda kwa mzunguko, moja nyuma ya jingine, vumbi jekundu likielea, na ndani ya vumbi lile taa zilionekana hazina gari wala dereva. Zilikuwa zinapanda tu, zenyewe, kutoka tumboni mwa dunia. Nilisahau kama nimesimama au nimelala. Shefu wa Posti aliniamsha kwa kidevu.

Mke wangu Ntumba nilimpata kwa sababu ya koleo. Shefu Mukeba alikuwa na koleo bora kuliko yote Kolwezi. Nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa Manika, kuliazima. Binti yake alinifungulia mlango, akaniuliza nataka nini, nami nikasahau jina la chombo nilichosomea. Koleo lile nililiazima mara nyingi sana. Mwishowe Shefu alisema, "Mugeni, kamata koleo, kamata na mutoto, uniachie usingizi." Upande wetu sisi ni Walunda wa Mutshatsha, kule kwenye reli, magharibi, upande wake ni Waluba wa Kasai. Wakati ule jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: kwenye harusi kulikuwa na ngoma za aina mbili.

Kisha Kampuni ikaanza kuzimika. Haikuzimika kwa kishindo. Ilizimika kama mtaa wenye umeme dhaifu, balbu moja, halafu nyingine, mpaka unajiuliza kama ni giza au ni macho yako. Vipuri havikuja. Mishahara ikawa kitu cha kusimuliwa. Wengi walilia, mimi, Mungu anisamehe, nilirudi nyumbani nikakuta kiti changu bado kipo.

Nikajenga kibanda cha bati uani. Motokari zilizobaki mjini zilikuwa za kuungaunga, na wenyewe hawakuwa na cha kumlipa fundi. Basi nikaanzisha utaratibu wangu: mikono yako, macho yangu. Mwenye gari anafanya kazi mwenyewe, mimi nakaa kitini nikielekeza. Watu walidhani ni ukarimu. Ilikuwa uvivu, lakini ulifundisha watu wengi. Daktari wa mifugo, mwalimu, muuza makaa, wote walilala chini ya magari yao wakinipigia kelele: "Tata Kapend, uu waya mwekundu naufunga wapi?" Nami nawaambia, nikinywa chai yangu: kwanza toboa bampa, funga taa isitikisike. Usiupeleke umeme wote kwenye swichi, utaiunguza. Weka rele, kile kiboksi kinachopokea amri ndogo na kupitisha umeme mkubwa, kama karani wa mkubwa. Karibu na betri weka fizibi, waya mwembamba unaokubali kufa ili gari lisiungue. Kisha kwanguta masi mpaka bati ling'are.

Taa za nyuma tulizitengeneza kwa makopo ya nyanya na vikombe vyekundu vya plastiki. Na mimi nilikuwa na gari langu mwenyewe, lililokaa juu ya matofali kwa sababu magurudumu yalikwisha kuuzwa. Mbele yake nilifunga taa sita za aina moja. Lilikuwa gari lenye macho mengi kuliko yote Kolwezi, na halikuwa linakwenda popote. Ntumba alisema lilinifanana.

Fahari yangu ilikuwa taa ya njano. Mwanga wa njano hautawanyiki sana kwenye ukungu, na wadudu, sisi huku tunawaita bilulu, hawaupendi kama mweupe. Hivyo nilisikia, nami nikaamini. Jaribio la kwanza nilifunika kioo cha taa kwa karatasi ya biskuti inayong'aa. Iliyeyuka, na kwa wiki nzima gari la mwalimu lilinuka keki. Baadaye nilichanganya vanishi na rangi ya kutia nguo, nikapaka kwa brashi laini, safu juu ya safu. Ilitoka rangi ya asali, nikazipaka na zile sita za gari langu. Nikaandika tangazo ukutani, kwa herufi kubwa, zikitazama barabara: TAA YA NJANO INAFUKUZA BILULU.

Tangazo lile lilikaa miaka. Mvua ililinyeshea, watoto walijifunzia kusoma juu yake.

Sasa sikilizeni namna neno linavyoweza kutembea wakati wewe umekaa. Siasa zilikuwa zimechafuka. Watu wakubwa walikuwa wanasema, na wadogo wanarudia, kwamba Wakasai warudi kwao, kana kwamba kwao si hapa walipozaliwa. Hayo niliyajua. Nilijua pia kwamba Shefu Mukeba na mkewe walitolewa nyumbani kwao wakawa wanalala stesheni, pamoja na maelfu, wakingoja treni. Nilimwomba aje kukaa kwangu. Alikataa. "Nyumba yako batakuya kuichoma juu yangu," alisema, "na weye bila nyumba utakufa siku ileile." Kila siku Ntumba aliwapelekea chakula. Nisichojua ni kwamba njiani, sokoni, kwenye kila kona, Wakasai walikuwa wamepewa jina. Walikuwa wanaitwa bilulu. Mimi sikwenda sokoni. Redio yangu ilikuwa wazi mgongo, haiongei.

Mchana mmoja kundi la vijana wenye vitambaa vichwani lilisimama mbele ya ukuta wangu, likasoma, likapiga makofi.

"Tata Kapend!" alisema mkubwa wao. "Weye uko mutu wa kweli! Uliona mbele yetu sisi bote!"

Nilijua taa zangu ni nzuri, lakini sikutegemea sifa za namna ile. Nikanyoosha shingo. "Bana yangu," nikasema, "nimeanza zamani. Bilulu binasumbua sana. Ukibiacha, binaingia mpaka ndani ya kioo."

Walikunja mbavu kwa kicheko. "Na dawa yake, Tata?"

"Dawa ni kubifukuza. Washa ya njano tu, utaona binaondoka byote."

Mmoja alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka nao, kwa adabu. Waliondoka wakiimba maneno yangu, na ndipo nilipogeuka nikamwona Ntumba mlangoni, mwiko mkononi. Alinitazama kama unavyotazama nyumba ukitafuta nambari na kukuta si yenyewe. Aliingia ndani, akafunga sufuria mbili ndani ya kitenge, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ni jirani aliyenieleza neno lile lina maana gani sasa. Nilichukua petroli na tambara nikasugua ukuta mpaka likabaki TAA peke yake. Vijana walipopita tena, wakauliza, "Tata, unafuta juu ya nini?" Shujaa angejibu. Mimi nilisema, "Rangi ilikuwa mbaya." Nikakaa kitini. Kiti, kwa mara ya kwanza, kilikuwa kigumu.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kubwa mno. Nilitaka kumfuata Ntumba stesheni kwa wazazi wake, nikavaa viatu, nikavua. Ningemwambia nini? Kwamba sikujua? Mtu anaweza kutojua kitu ambacho mji mzima unakiimba?

Ndipo jioni moja akatokea mwenyewe, langoni, bila kuingia.

"Treni imefika," alisema. "Taa ya mbele ya lokomotivu ilipigwa majiwe njiani. Mashinisti anasema haendeshe treni mu giza, batu beko mpaka juu ya mabehewa. Bakikosa taa, lokomotivu itarudia bule. Na ku stesheni batoto beko banakufa. Baba anasema ulete taa."

"Na weye unasema nini?"

"Mi sisemi. Mi niko kilulu. Kilulu hakisemake."

Nilizifungua zile taa sita kwenye gari langu, nikazipakia kwenye toroli pamoja na waya wote niliokuwa nao. Ntumba alitangulia, mimi nasukuma nyuma, na katikati ya mji nikagundua nimevaa ndala. Hakugeuka kunicheka. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Shefu Mukeba alikuwa amekaa juu ya furushi, kando ya ukuta aliojenga kwa mlango wa kabati. Alikuwa amekonda, lakini koti la kazi lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Mugeni," alisema, "umechelewa tena."

Tulifanya kazi pamoja, mbele ya lile lichuma, yeye akiwa macho yangu na mimi mikono yake. Betri ya lokomotivu ina nguvu kama ya motokari mara sita; ukifunga taa ya gari juu yake, inakufa kabla hujasema amina. Lakini ukizifunga taa sita zilizo sawa kwa mlolongo, umeme ukitoka hii unaingia ile, zinagawana mzigo ule, kila moja inabeba kiasi chake. "Moja ikikufa, zote zinakufa," Shefu alinikumbusha. "Funga kila moja kama ni ya mwisho." Nilikuwa nimeshika kisu kukwangua bati nitafute masi, akanishika mkono. "Hapa acha. Lokomotivu hairudishe umeme kwa bati. Hapa njia ya kurudia ni waya tu, na waya unaweza kukatika."

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya taka za mgodi. Tulipogusanisha waya, taa sita zilifumbuka pamoja, rangi ya asali, na reli zikaonekana zikienda mbali, nyembamba, kama mtu kachora kwa kidole kwenye usingizi. Watu wote wa stesheni wakavuta pumzi. Hakuna aliyepiga makofi. Walianza tu kufunga mizigo.

"Ni nani anafunga hizi?" Mashinisti akauliza toka juu, mashine inanguruma. "Zikikufa mu njia, mi nitafanya nini? Huyu mutu apande na mi."

Basi nikapanda, mimi, na ndala zangu. Ntumba na wazazi wake walikuwa behewa la pili.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Tulikwenda taratibu, majani ya pande zote mbili yakigeuka dhahabu yakitugusa, na kurudi kijani nyuma yetu. Sijui kama nilisinzia. Niliona malori ya Mashamba yakipanda bila madereva, niliona ua wangu, kiti kimekaa chenyewe. Halafu treni ikasimama kwenye kituo kidogo kungoja njia, na kutoka ardhini, kutoka kwenye kila tundu la udongo uliolowa, wakatoka inswa, wale mchwa wenye mabawa wa mvua za kwanza. Walikuja moja kwa moja kwenye taa zangu za njano. Walikuja kwa wingi mpaka mwanga ukatetemeka, wakigonga vioo, wakidondosha mabawa, wakijaa kwenye mawe ya reli.

Kelele ikapita mabehewani: "Inswa! Inswa!" Watu wakashuka na mabeseni, sufuria, kofia. Wamama waliokuwa hawajala walichota kwa mikono miwili. Moto ukawashwa pembeni, harufu ya inswa wa kukaanga ikapanda, na nikasikia sauti ambayo sikuisikia stesheni: watu wanacheka.

Ntumba alikuja na beseni lake hadi chini ya taa. Akanyoosha kidole kwenye lile wingu la mabawa.

"Taa yako inadanganya," alisema.

"Naona."

"Miaka yote ile, inadanganya."

Nikashuka. "Ntumba, lile neno sikulijua."

"Najua haukujua. Weye hautokake. Neno lilipita njia yote, likakukuta mu kiti, likaketi na weye." Akachambua mabawa kidogo. "Sasa njo umetoka." Akanishika mkono, akanitilia kiganjani inswa wa moto. "Kula. Utaungua, lakini kula."

Niliungua. Nilikula.

Huko Kasai tuliishi miaka mingi. Nilifanya kazi ya taa za baiskeli, zile zinazopata umeme wake kwa dinamo, kidude kinachosugua tairi: ukisimama tu, mwanga unakufa. Kwa mtu wa kiti ilikuwa adhabu ya haki. Shefu Mukeba alizikwa kule, kwenye nchi ambayo kila mtu alimwambia ni yake na ambayo yeye, mpaka mwisho, aliita ugenini. Hali ilipopoa tulirudi Kolwezi. Nyumba yetu ilikuwa na wengine. Tukapanga nyingine, ndogo, ina kibaraza.

Sasa nimestaafu, yaani sijaajiriwa na mtu na hakuna anayenilaumu. Nawaona ninyi vijana mnabandika taa za mstari, nyekundu, bluu, zinazokimbia, kwenye magari na pikipiki zenu, wenyewe, uani kwenu. Vizuri. Fungeni fizibi, msimtie mwenzenu upofu. Na kabla hujaandika kitu ukutani, tembea kwanza hadi sokoni, usikie maneno yameamkaje.

Watu huniuliza, "Tata Kapend, weye usiyependa hata kwenda msibani, ulipandaje treni ile?" Nawajibu kama nilivyoandika hapa: Mashinisti aliniamuru, kwa ajili ya taa.

Leo Ntumba alinikuta nikiandika sehemu hiyo, akaisoma juu ya bega langu.

"Mashinisti alisema, 'Tata, shuka, hapa ni pa wafanyakazi,'" alisema. "Mara tatu. Mi nilikuwa pale, nilisikia. Weye ulishika chuma kwa mikono miwili, ukafumba macho."

"Mashine ilikuwa inanguruma sana," nikamwambia. "Kila mutu alisikia yake."

"Andika vile," alisema, akaenda kutazama sufuria.